Kinga Isiyoona: Seli T na Limfoma ya Burkitt

Saratani za damu hugawanywa kwa kawaida katika makundi makubwa matatu: lukemia, ambayo huanzia katika uboho wa mifupa na kuijaza damu seli nyeupe changa zisizofanya kazi, mayeloma, ambayo ni saratani ya seli zinazotengeneza kingamwili, na limfoma, ambayo huota katika tezi za limfu na wakati mwingine nje ya tezi hizo, kwenye taya, tumbo au figo. Kinachozitofautisha zote tatu na saratani ya matiti au ya shingo ya kizazi ni kwamba seli iliyoharibika mara nyingi hutoka katika ukoo uleule wa seli zilizopewa kazi ya kuulinda mwili. Anayetaka kuelewa jinsi kinga inavyopambana na maradhi haya, na kwa nini hushindwa, hana haja ya kutafuta mfano mbali, kwa kuwa mmojawapo wa mifano iliyochunguzwa kwa muda mrefu umetoka Uganda, Kenya na Tanzania. Mfano huo ni limfoma ya Burkitt, ugonjwa unaowapata zaidi watoto wa maeneo yenye malaria ya mwaka mzima.

Seli T huzaliwa katika uboho na kukomaa katika thaimasi, tezi ndogo iliyo nyuma ya mfupa wa kidari. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba tezi hiyo haina kazi ya maana, hadi mwaka 1961 Jacques Miller, aliyekuwa akichunguza lukemia ya panya mjini London, alipowaondolea thaimasi panya waliozaliwa punde akaona kwamba damu yao ilipungukiwa seli nyeupe za aina ya limfosaiti, kwamba walikufa mapema kwa maambukizi, na kwamba miili yao haikuweza kuikataa ngozi iliyopandikizwa kutoka kwa panya wengine. Elimu ya seli T ilizaliwa, basi, ndani ya utafiti wa saratani ya damu, na tangu hapo mambo hayo mawili hayajatengana.

Seli hizi ziko za aina mbili kubwa. Za kwanza, zenye alama ya CD8, huua seli iliyoambukizwa au iliyogeuka kuwa ya saratani kwa kuigusa moja kwa moja. Za pili, zenye alama ya CD4, ambazo watu wengi wa Afrika Mashariki wamezifahamu kupitia kipimo kinachofanywa katika kliniki za Virusi vya UKIMWI, huongoza na kuzitia nguvu seli nyingine za kinga, ingawa baadhi yake nazo zinaweza kuua. Aina zote mbili hazina uwezo wa kuchungulia ndani ya seli nyingine. Hutegemea molekuli ziitwazo HLA, ambazo kazi yake ni kuchukua vipande vidogo vya protini zilizokatwakatwa ndani ya seli na kuvitoa juu ya uso wake, kama mwenye duka anavyotandaza mbele ya mlango mfano wa kila bidhaa iliyomo ndani. HLA za daraja la kwanza husomwa na seli za CD8, na za daraja la pili husomwa na seli za CD4. Seli T, kwa hiyo, haimwoni adui mzima, bali huona kipande, tena kile tu kilichoonyeshwa, na kipande kisipoonyeshwa inaweza kupita kando ya seli ya saratani mara nyingi bila kushtuka. Jambo hili ndilo ufunguo wa yote yanayofuata.

Uvimbe wa taya kwa watoto ulionekana na madaktari wa Uganda muda mrefu kabla haujapewa jina. Albert Cook, aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, aliacha kumbukumbu za wagonjwa wa namna hiyo. Alichokifanya Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland ya Kaskazini aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, ni kutambua kwamba vimbe zilizohesabiwa kuwa maradhi mbalimbali zilikuwa ugonjwa mmoja. Mwaka 1957 aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote, na muda si mrefu akamwona mwingine Jinja mwenye hali ileile; alipopekua kumbukumbu za hospitali aligundua kwamba watoto wenye uvimbe wa taya mara nyingi walikuwa pia na uvimbe tumboni. Makala yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1958. Baadaye alituma barua na picha kwa hospitali nyingi za bara hili, na mwaka 1961 akasafiri kwa gari pamoja na wenzake wawili, mwendo wa takriban maili 10,000, akiuliza kila alipofika kama ugonjwa huo unajulikana. Jibu lilichora ramani. Ugonjwa ulipatikana penye joto na mvua ya kutosha, ukatoweka katika nyanda za juu zilizozidi takriban mita 1,500, na ramani hiyo ilikuwa karibu sawa na ile ya malaria.

Mwezi Machi mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwa Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Sampuli za uvimbe zilianza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wameona virusi vipya ndani ya seli zilizooteshwa kutoka katika sampuli hizo. Ndivyo vilivyokuja kuitwa virusi vya Epstein na Barr, kwa kifupi EBV, na ndivyo virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Ugunduzi huo ulileta swali gumu zaidi ya lile ulilojibu. Zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani hubeba EBV. Virusi hivi huingia kwa njia ya mate, hujificha ndani ya seli B, yaani seli nyeupe zinazotengeneza kingamwili, na hubaki humo maisha yote ya mtu; kando ya Ziwa Victoria watoto wengi huvipata kabla hawajatimiza mwaka mmoja. Kama virusi peke yake vingetosha kuleta saratani, ubinadamu usingebaki. Kuna kitu kinachovizuia, na mwaka 1978 Alan Rickinson na wenzake walikionyesha kwa jaribio lililo rahisi kulieleza. Waliambukiza EBV katika damu ya watu waliokwisha kuwa na virusi hivyo, wakaziacha seli ziote kwenye vyombo vya maabara: seli B zilianza kuongezeka kwa kasi kama ilivyotarajiwa, lakini baada ya wiki chache zilisinyaa na kufa zote. Zilipoondolewa seli T, seli B ziliendelea kuongezeka bila kikomo.

Uthibitisho kutoka kwa wagonjwa wenyewe ulipatikana katika miaka ya 1990. Mtu anayepandikizwa uboho hukaa kwa miezi kadhaa akiwa na seli T chache mno, na katika kipindi hicho wengine hupata limfoma inayosukumwa na EBV. Madaktari wa New York mwaka 1994, kisha wale wa Memphis mwaka 1995, waliripoti kwamba walipowapa wagonjwa wa namna hiyo seli T kutoka kwa wafadhili wao wa uboho, limfoma iliyeyuka. Hapakuwa na shaka tena kwamba seli T ndizo zinazowalinda mabilioni ya watu wanaobeba EBV bila kuugua.

Hata hivyo, lingekuwa kosa kuchukua ushahidi huo wote na kuupeleka kwa mtoto wa Kisumu au Musoma aliyevimba taya, kwa sababu limfoma ya Burkitt imejipanga kwa namna nyingine kabisa. Katika limfoma ya mgonjwa aliyepandikizwa uboho, virusi hutengeneza protini zake nyingi, na seli T zikirudi hupata vipande vingi vya kusoma. Katika limfoma ya Burkitt virusi vimezima karibu protini zote, vikaacha moja tu isiyoepukika, iitwayo EBNA1, ambayo huhakikisha kwamba kila seli inapogawanyika virusi navyo hugawanyika pamoja nayo. Mwaka 1995 watafiti wa Stockholm walieleza ujanja uliomo ndani ya protini hiyo: ina mfuatano mrefu wa asidi amino mbili, glaisini na alanini, zinazojirudiarudia, na mfuatano huo huizuia isikatwekatwe ipasavyo ili ipakiwe juu ya HLA za daraja la kwanza. Zaidi ya hayo, seli za Burkitt hupunguza molekuli hizo za HLA zenyewe, pamoja na protini za kushikana ambazo seli T huzihitaji ili itulie juu ya seli nyingine na kuichunguza. Kwa seli ya CD8 hapo hapana cha kusoma.

Seli ya Burkitt inaweza kuacha protini za virusi na bado ikaongezeka kwa sababu injini yake imehamia penginepo. Katika kila limfoma ya Burkitt kuna ajali ya kromosomu: kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni iitwayo MYC hukatika na kuunganishwa, mara nyingi, na kromosomu ya 14, karibu na jeni za kingamwili ambazo katika seli B hufanya kazi bila kupumzika. MYC ni jeni inayoiamuru seli igawanyike, na ikiwekwa mahali hapo huamuru mfululizo. Lakini kuna mlango mmoja ambao haukufungwa. EBNA1 inaweza kuonyeshwa kupitia HLA za daraja la pili, na watu wenye afya huwa na seli T za CD4 zinazoitambua. Katika maabara, baadhi ya seli hizo zimeweza kuzishambulia seli za Burkitt. Ulinzi uliosalia, kwa hiyo, umeegemea sehemu nyembamba ya kinga, na lolote linaloidhoofisha sehemu hiyo linaweza kuwa na matokeo makubwa kuliko ukubwa wake.

Malaria ndiyo inayoingia hapa. Mwaka 1984 Hilton Whittle na wenzake, wakifanya kazi Gambia, walirudia jaribio la Rickinson kwa damu ya watu waliokuwa wakiugua malaria ya falsiparamu, yaani ile kali inayoua, wakakuta kwamba seli T za wagonjwa hao zilishindwa kuzizuia seli B zenye EBV. Wakati huohuo vimelea vya malaria huzichochea seli B zenyewe ziongezeke, na katika kuongezeka huko huamshwa kimeng'enya kinachokata na kupanga upya jeni za kingamwili, ambacho mara mojamoja hukosea na kukata mahali pasipostahili, ikiwemo karibu na MYC. Ugonjwa mmoja, basi, huongeza idadi ya seli zinazoweza kuharibika, huongeza uwezekano wa kila moja kuharibika, kisha hudhoofisha mlinzi wa kuziondoa. Ni vigumu kufikiria mchanganyiko mbaya zaidi ya huo, na bado ndio unaowakuta mamilioni ya watoto kila msimu wa mvua.

Utafiti ulioliweka jambo hili wazi zaidi ulifanyika Kenya, ambako Ann Moormann na wenzake wa Kenya walilinganisha watoto wa Kisumu, ambako malaria haikatiki mwaka mzima, na watoto wa Nandi, ambako mwinuko wa nchi huifanya ije kwa vipindi. Nchi ni moja na virusi ni vilevile, lakini damu ya watoto wa Kisumu ilikuwa na EBV nyingi zaidi. Seli T zilipopimwa kwa kuangalia kama zinatoa interferoni gama, kemikali ambayo seli T huitoa zinapomtambua adui, tofauti ilijitokeza katika rika moja mahususi: watoto wa miaka 5 hadi 9 wa Kisumu walikuwa na mwitikio hafifu dhidi ya EBV kuliko wenzao wa Nandi, huku watoto wadogo zaidi na wale wakubwa zaidi wakiwa hawatofautiani. Rika hilo ndilo ambalo limfoma ya Burkitt hulipata zaidi.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuwapima watoto waliokwisha kuugua limfoma yenyewe, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yanastahili kusomwa kwa makini. Kinga ya watoto hao haikuwa imeanguka yote. Seli T zao ziliitikia protini za malaria, na ziliitikia protini nyingine za EBV ambazo virusi huzitoa vinapozaliana. Kilichopungua kilikuwa mwitikio dhidi ya EBNA1, protini ileile moja ambayo limfoma imebaki nayo. Tahadhari moja ni lazima itajwe: mtoto aliyepimwa akiwa tayari mgonjwa hawezi kuonyesha kama upungufu huo ulitangulia saratani au uliletwa na saratani. Lakini upungufu ulioangukia mahali pamoja kiasi hicho si rahisi kuuita bahati mbaya, na unaonyesha kwamba kuuliza kama kinga ya mtoto ina nguvu au ni dhaifu ni kuuliza swali pana mno, kwa sababu mtoto huyo anaweza kupona kikohozi na kuhara kama watoto wote na bado akawa na pengo katika sehemu moja tu.

Hoja hiyo inatiliwa nguvu na UKIMWI. Saratani kadhaa zinazowapata watu wenye Virusi vya UKIMWI hutokea idadi ya CD4 inaposhuka sana, lakini limfoma ya Burkitt huwapata hata wale ambao idadi yao bado ni ya kuridhisha. Idadi ya seli T na uwezo wa seli T kumtambua adui fulani ni mambo mawili. Vivyo hivyo kwa kingamwili: katika uchunguzi mkubwa uliofanyika West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, ambapo damu ya watoto wapatao 42,000 ilichukuliwa na kuhifadhiwa kabla yeyote hajaugua, ilionekana kwamba waliopata limfoma baadaye walikuwa tangu mwanzo na kingamwili nyingi zaidi dhidi ya EBV. Wingi huo haukuwalinda. Ulikuwa dalili kwamba virusi vinazaliana kwa uhuru katika mwili ambao seli T zake hazivibani inavyopaswa.

Swali la kawaida ni kama kuzuia malaria kungezuia limfoma, na Tanzania ndiko lilikojaribiwa. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1982 watoto wa Mara Kaskazini waligawiwa vidonge vya klorokwini. Idadi ya wagonjwa wa limfoma ilipungua, lakini ilikuwa imeanza kupungua kabla ya mradi, na udhibiti wa malaria haukudumu, hivyo watafiti hawakuweza kusema kwa uhakika kwamba vidonge ndivyo vilivyofanya kazi. Ushahidi uliojumlishwa kutoka nchi mbalimbali uliifanya Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Saratani, mwaka 2012, iitaje malaria ya falsiparamu, katika maeneo ambayo haikatiki, kuwa kitu kinachoelekea kusababisha saratani, ngazi moja chini ya ile ya visababishi vilivyothibitishwa; katika ngazi hiyo ya juu ndiko EBV yenyewe ilikowekwa.

Kuhusu tiba, historia ya Mulago ina jambo la kufikirisha. Kituo cha limfoma kilichofunguliwa hapo mwaka 1967, ambacho ndicho chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda, kilionyesha kwamba saiklofosfamaidi, dawa ya kuua seli zinazogawanyika, inaweza kuuyeyusha uvimbe kwa siku chache, na kwamba watoto wengine walipona kabisa kwa dozi chache kuliko ilivyodhaniwa kuwa inawezekana. Madaktari walishuku kwamba kinga ya mgonjwa ilikuwa ikimalizia kazi iliyoanzwa na dawa. Mwaka 1970 waliripoti kwamba baadhi ya wagonjwa, walipochomwa chini ya ngozi dondoo la seli za uvimbe wao wenyewe, ngozi ilivimba baada ya muda kwa namna ile inayosababishwa na seli T. Vipimo vya wakati huo vilikuwa vichache na havikuweza kusema zaidi, lakini wazo lilikuwa sahihi, na inasikitisha kwamba miaka ya misukosuko ya kisiasa iliyofuata nchini Uganda iliikatiza kazi iliyokuwa mbele ya sehemu nyingi za dunia.

Leo seli T zimekuwa dawa. Katika tiba inayoitwa CAR-T, seli T za mgonjwa hutolewa, huwekewa jeni ya kipokezi kilichobuniwa maabara, kisha hurudishwa mwilini zikiwa na uwezo wa kuitambua protini ya CD19 iliyo juu ya seli B bila kusubiri HLA izionyeshe chochote. Tiba ya kwanza ya aina hiyo iliidhinishwa Marekani tarehe 30 Agosti 2017 kwa watoto na vijana wenye lukemia iliyoshindikana. Katika jaribio la wagonjwa 75, asilimia 81 kati yao hawakuwa tena na dalili za ugonjwa ndani ya miezi mitatu. Bei yake ilitangazwa kuwa dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja. Kwa nchi za ukanda wa ziwa bei hiyo haina maana yoyote, na kuwaambia wazazi wasubiri ishuke si jibu. Limfoma ya Burkitt hutibika kwa tibakemikali ya kawaida: katika nchi tajiri takriban watoto 9 kati ya 10 hupona, ilhali Afrika wanaopona ni wachache zaidi kwa sababu hufika wakiwa wamechelewa, hukosa dawa, hukosa chakula au huacha matibabu katikati kwa kukosa nauli.

Kuzilinda seli T za mtoto wa kando ya ziwa kabla hazijachoshwa ni jambo linalowezekana kwa vifaa vilivyopo tayari: chandarua chenye dawa, matibabu ya malaria yasiyocheleweshwa, na chanjo ya malaria, ambayo ilianza kutolewa kwa majaribio magharibi mwa Kenya mwaka 2019 na kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Serikali zinazopima faida ya vifaa hivyo kwa vifo vya malaria peke yake zinahesabu pungufu, na wizara za afya zinapaswa kuiweka saratani hii katika hesabu hiyo.

Mzazi, mwalimu au mhudumu wa zahanati anayesoma ukurasa huu akumbuke kwamba uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto anayevimba taya, anayelegea meno bila sababu, au mwenye jicho linalosukumwa nje au tumbo linalojaa kwa haraka, asipewe dawa ya jino na kurudishwa nyumbani. Apelekwe hospitali yenye uwezo wa kuchukua sampuli ya uvimbe, na apelekwe wiki hiyohiyo.